POS Si ya Bosi Peke Yake

Wacha nianze na lile litakalonitafutia maneno. Kama unafungua mkahawa hapa Kenya na swali la kwanza unalomuuliza mtu wa mauzo ni "wateja wataweza kubuku meza mtandaoni?", umesimama mlango wa mbele na pesa zako zinatokea nyuma.

Sisemi kubuku ni kitu kibaya. Huko Westlands kuna mahali bila kubuku hupati kiti Ijumaa, sawa. OpenTable, ambayo wengi wa hawa huiga, ilianza San Francisco mwaka wa 1998, na mkahawa hulipa ada ya kila mwezi na mara nyingi kitu kidogo juu kwa kila mteja anayeletwa. Hiyo ina maana pale ambapo meza zimejaa na mtu asipotokea kiti kinakaa bure. Sasa njoo Nakuru kwa shangazi yangu, ana mahali pa nyama choma. Mteja hupiga simu: "Mama, tutakuwa wanane, saa kumi na mbili." Wanafika saa mbili kasorobo wakiwa kumi na tatu, na watoto. Unasukuma meza mbili pamoja, maisha yanaendelea. Kundi likiwa kubwa sana anaitisha elfu mbili kwa tili kwanza. Mtu akishatuma elfu mbili, atakuja. Hiyo ndiyo programu yake ya kubuku, na inafanya kazi.

Amepanua mkahawa kutoka meza 6 hadi 20, kwa hivyo daftari na kalamu haziwezi tena. Akaniita nimchagulie mashine kwa sababu eti mimi ni mtu wa kompyuta. (Nahariri video kwa simu. Kwetu hiyo inatosha.)

Kile hakujua ni kwamba nilikuwa na hasira ya zamani na hizi mashine. Kabla ya kuanza video nilikuwa weita miaka miwili, mahali sitapataja. Pale sote tulitumia pini moja. Weita saba, keshia, hata meneja akiwa na haraka, pini ni ile ile. Oda ikishapikwa na kuliwa, mtu angeweza kuifuta kabla bili haijatoka, na mashine iliandika tu "weita". Mwisho wa mwezi stoku inahesabiwa, kuku na bia hazionekani, hasara inagawanywa kwetu sawa kwa sawa. Mwezi mmoja nilikatwa shilingi 2,300. Wiki mbili za mwezi huo nilikuwa likizo, nyumbani, sijagusa hata glasi yao. Niliomba kuonyeshwa rekodi. Hakukuwa na rekodi ya kuonyeshwa. Na msiniambie ni bahati mbaya, mashine kama hiyo kuna mtu inamfaa.

Sheria haisemi hivyo, by the way. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mshahara kukatwa pesa zikipungua, lakini upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa huyo mfanyakazi, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea na kutunza pesa. Niambie weita wangapi unaowajua wana mkataba wowote. Na kama wote mna pini moja, utaonyesha uzembe wa nani?

Kwa hivyo sharti langu lilikuwa moja: weita wawili na mpishi wa choma wakae nasi watu wa mauzo wakija. Shangazi akashangaa. "Kwani wao ndio watalipa?"

"Shangazi, kuna miezi ni wao."

Wa kwanza alikuja na tableti safi sana, ramani ya meza zenye rangi, kijani, nyekundu, unaona nani ameketi wapi. Shangazi alikuwa ameshapenda. Mpishi akauliza: "Mbuzi kilo moja na robo, nusu choma nusu ya kukaanga, ugali mbili. Hapo unaandika wapi?" Kimya. Mashine ilijua kuhesabu sahani, haikujua kilo. Jamaa akasema robo tutaiandika kwa sehemu ya maelezo. Bei nayo itaandikwa na nani? Nyama choma mara nyingi inauzwa kwa mizani, na wewe umeleta mashine ya burger.

Wa pili alipoanza kuongea nilitembea hadi kwa ruta nikachomoa waya. Si ujeuri, ni Kenya. Desemba 10, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, na siku za kawaida wai-fai hupotea bila hata kuaga. Skrini yake ikaganda. Wa tatu nilimfanyia vile vile: oda zikaendelea kuingia, karatasi ikatoka jikoni, na waya uliporudi kila kitu kikajituma. Hapo nikaanza kumsikiliza. Nikamuuliza pia mambo ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 1, 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo KRA haikubali, na watu wa ofisi wakila mchana wanaitaka. Kuna njia inayotaka uwe hewani wakati wote, OSCU, na kuna VSCU ya wale ambao hawako hewani kila saa. Mtu wa mauzo asiyejua anakuuzia ipi, mpe chai aende.

Lakini saa nzima ilitumika kwa M-Pesa. Watu sita, kila mmoja anajilipia. Wanne wametuma kwa tili, mmoja ana kashi, wa sita anakuonyesha ujumbe kwa simu yake, "nimetuma." Ujumbe wa kughushi upo, kila weita anajua. Unakimbia kwa keshia, keshia ana foleni, ukirudi meza ni tupu. Mashine iliyounganishwa na Daraja ya Safaricom inapata uthibitisho yenyewe, au inamtumia mteja ombi kwa simu yake naye anaweka pini tu. Weita mmoja akauliza swali ambalo mimi singelifikiria: na pesa zikiingia kwa tili bila kujulikana ni za bili gani? Jamaa akatuonyesha orodha ya malipo yasiyo na bili, keshia anayaunganisha kwa mkono. Si uchawi, lakini angalau yanaonekana.

Mwisho nikaagiza bia, nikaituma, nikajaribu kuifuta. Ikaitisha pini ya meneja, ikaandika jina, saa na sababu. Nikauliza kama mwenye mkahawa anaweza kuifuta hiyo rekodi. Akasema hapana. Shangazi akakohoa.

Tumechukua ya tatu. Ni ghali kuliko ya kwanza, na haina ramani ya rangi. Data yote inatoka kama faili ya Excel tukiachana nao, hilo tumeliandika kwa makubaliano. Kukata mshahara bado tunabishana. Anasema bila hofu watu watakula hadi mizani. Alichokubali ni kwamba kila mtu achague pini yake mwenyewe, na hakuna senti inakatwa kabla rekodi haijafunguliwa mbele ya mhusika. Mkataba wa weita nimeuandika, kurasa mbili. Uko kwake tangu Alhamisi. Anasema bado anausoma.