Pumzi ya Kukopa

Injini ya gari, licha ya makelele yake yote, ni kitu kinachopumua. Pistoni inaposhuka huvuta hewa. Inapopanda huibana hewa hiyo pamoja na petroli iliyogeuzwa kuwa ukungu. Kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na nguvu ikapatikana. Kwa hivyo anayelalamika kwamba gari lake halina nguvu aghalabu huwa analalamika, pasi na kujua, kwamba gari lake limepungukiwa na pumzi. Malalamiko hayo yana mashiko zaidi yanapotolewa Nairobi. Jiji hilo liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani sehemu moja katika kila sita. Gari lililotoka Mombasa likiwa zima hufika Nairobi likiwa zima vilevile, ila sehemu ya nguvu zake limeiacha njiani, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha kwa kubadilisha plagi.

Tabo ni njia ya kukopa pumzi. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi wa injini, ambao hutoka ukiwa na joto na kasi kubwa, usiachwe ukapotea bure bali uzungushe gurudumu la mapanga, nalo lizungushe gurudumu jingine lililo upande wa pili wa shafti hiyohiyo, likisukuma hewa kurudi ndani ya injini. Mwaka 1918 Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, ili athibitishe kwamba tabo inaweza kuirudishia injini pumzi iliyonyang'anywa na mlima. Yaani chombo hiki kilipata sifa kama dawa ya nyanda za juu muda mrefu kabla hakijawa pambo la vijana wa mijini. Hapa Kenya wengi walikijua kupitia Safari Rally, hasa pale Toyota Celica yenye tabo iliposhinda mashindano hayo miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Miongoni mwa waliosimama kando ya barabara ya vumbi wakati huo alikuwamo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye baadaye alinunua Toyota pia, ingawa ndogo mno: Starlet yenye injini ya 4E-FE, ujazo wa sentimita za ujazo 1,331. Starlet za mwisho za kizazi hicho zilitoka kiwandani mwaka 1999, na kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane, kila Starlet ya kizazi hicho ionekanayo barabarani leo ni mkazi wa siku nyingi. Mwalimu alipofariki, gari lilimwangukia mwanawe wa kiume. Hilo ndilo lililompeleka mjane wa marehemu kliniki kila baada ya wiki mbili, na hapakuwa na jingine.

Kijana huyo alikwenda Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan, akanunua tabo iliyotumika. Aliifunga kwa gazeti na kuipeleka kwa fundi mmoja mzee katika karakana za Kariobangi.

"Mzee, nataka uniwekee hii."

Fundi hakuitazama tabo. Alilitazama gari. "Injini yenyewe umeipima?"

Swali hilo, ambalo lilimwudhi kijana kwa muda, ndilo kiini cha shughuli nzima. Anayechagua injini ya kuwekewa tabo huulizwa kwanza injini hiyo inaweza kustahimili nini, kisha ndipo aulizwe anataka nguvu kiasi gani. Wengi huligeuza swali hilo, na ndiyo maana nyuma ya karakana nyingi pamelundikana injini zilizopasuka.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo ya ajabu. Injini iliwashwa ikapata moto, ikazimwa, plagi zote nne zikang'olewa kwa uangalifu, petroli ikakatwa. Fundi alikaza geji ya mgandamizo penye tundu la plagi ya kwanza, kijana akakanyaga pedali ya mafuta hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi, na injini ikazungushwa kwa stata mpaka mshale ulipoacha kupanda. Silinda ya kwanza ilisoma 150, ya pili 155, ya nne 152. Ya tatu ilisoma 118. Fundi hakusema neno. Alichukua kijiko cha oili, akakimimina katika silinda ya tatu, akapima tena. Mshale ukapanda hadi 140. Mantiki yake ni nyepesi kama ilivyo nzuri: oili huziba kwa muda upenyo ulio kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Usomaji ukipanda, ringi zimechoka. Kama usingepanda, lawama ingeziendea valvu au gasketi.

"Kijana wangu," fundi alisema akipangusa mikono, "huyu wa tatu mzigo wake mwenyewe unamshinda, nawe wataka kumtwika wa jirani."

Hata kama ringi zingekuwa mpya, lilibaki suala la uwiano wa mgandamizo. Injini ya 4E-FE huibana hewa mara 9.6. Kiwango hicho kinaifaa injini inayojivutia hewa yenyewe. Lakini hewa iliyokwisha kusukumwa na tabo huingia ikiwa nyingi na ya moto. Ikibanwa tena mara 9.6 huenda ikawaka kabla ya wakati wake, mlipuko mmoja ukagongana na mwingine, na sauti kama ya kokoto ndani ya mkebe ikasikika. Lugha ya mafundi wa Nairobi ina jambo la kuvutia hapa. Neno moja la Kiingereza wameligawa mara mbili: injini "inagonga" inapotoa sauti hiyo, na "imenoki" inapokufa kabisa. Waliolitafsiri onyo kwa neno la Kiswahili na kifo kwa neno la mkopo huenda hawakukusudia, lakini walitofautisha vitu viwili ambavyo lugha ya asili ya neno hilo ilivichanganya. Wanaounda istilahi za kiufundi wangepata faida kushinda Kariobangi hata siku moja.

Kampuni kubwa pia ziliwahi kujikwaa katika jambo hilihili. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na tabo. Uwiano wake wa mgandamizo ulikuwa 10.25 kwa moja, kiwango cha juu kweli, na ili injini isigonge iliwekewa tangi la mchanganyiko wa maji na methanoli uliokuwa ukinyunyizwa ndani nguvu zilipohitajika. Kwenye karatasi lilikuwa jawabu la werevu. Tatizo ni kwamba wenye magari walisahau kulijaza tangi. Jetfire haikudumu, uundaji wake ulikoma mwaka 1963. Wahandisi wale walikuwa wameiandaa injini vizuri, wakasahau kwamba dereva naye ni sehemu ya mtambo.

Kijana alileta mapendekezo. Je, gasketi nene zaidi isingepunguza mgandamizo? Ingepunguza, fundi alikubali, lakini ingemwachia pistoni zilezile zilizoundwa kwa kazi nyepesi. Je, injini ya 5E-FE ya ujazo wa 1,497? Hiyo ina silinda za upana uleule wa milimita 74 na mwendo mrefu zaidi wa pistoni, lakini nayo ilizaliwa ijivutie hewa. Ikabaki 4E-FTE, ndugu wa damu wa injini iliyokuwamo garini: ujazo uleule wa 1,331, bloku ya chuma vilevile, ila kiwanda chenyewe kiliiunda kwa ajili ya tabo, kikateremsha uwiano hadi 8.2, na huko Japani ikatoa nguvu za farasi 135. Kwa gari ambalo uzito wake haufikii tani moja, hizo si haba.

Bei yake ilikuwa takribani mara tatu ya fedha alizokuwa nazo kijana. Hapo mambo mawili yaligongana: tamaa ya kijana na kliniki ya mama. Angeweza kuipasua injini iliyokuwapo, kuifunga ile tabo ya gazetini na kuomba Mungu; wapo mafundi ambao wangemfanyia kazi hiyo kabla ya jua kutua. Aliambiwa aliache gari liendelee kutembea na ringi zake zilizochoka, lile oili kidogo, limpeleke mama kliniki, naye akusanye fedha. Ilimchukua miezi kumi na mmoja.

Injini ilipopatikana haikuingizwa garini. Ilifunguliwa yote, kwani injini ya mtumba haiji na wasifu wake. Beringi zilibadilishwa. Ringi mpya zilitiwa katika silinda moja moja na mwanya wa ncha zake kupimwa, ukatinduliwa kwa tupa hadi kama milimita 0.4. Mwanya huo unaonekana mdogo kupindukia, lakini ringi hutanuka kwa joto, na joto la tabo ni kubwa. Ncha zikikutana, ringi hukwama na kuvunja ukingo wa pistoni. Kijana alishinda Jumamosi nzima akipima na kutindua, na kufikia jioni alikuwa ameacha kuzungumzia kasi.

Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo lilimtesa fundi kuliko kitu kingine. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo ikishapita hurudi chini kwa uzito wake tu, bila pampu. Bomba likiwa jembamba, au likipinda vibaya, oili hurundikana na kuvuja upande wa moshi. Alilikata na kuliunganisha upya mara tatu. Rejeta, pampu ya petroli na klachi zilishughulikiwa bila mjadala. Mjadala ulizuka juu ya breki. Kijana alitaka zingoje mwezi mwingine. Fundi alikataa kukabidhi ufunguo. Alikuwa na haki, na ingefaa kila karakana iwe na mtu mkaidi namna hiyo.

Mwezi wa Desemba mama alitaka kwenda Mombasa kumwona mjukuu. Wengi wangedhani kwamba gari lililopimwa Nairobi kwa miezi miwili halina la kuogopa. Kumbe hesabu inasema vingine. Geji ya tabo huonyesha kanieneo iliyoongezwa juu ya ile ya hewa ya nje. Nairobi, hewa ya nje ina takribani paundi 12 kwa kila inchi mraba. Tabo ikiongeza 7, injini hupata 19. Pwani hewa ya nje ina paundi 14.7, geji itaonyesha 7 zilezile, lakini injini itapata karibu 22, tena katika hewa ya joto. Geji haidanganyi, ila haisemi yote. Mzigo ambao injini haikuwahi kuubeba Nairobi ungeingia polepole, kilomita baada ya kilomita, kadiri barabara inavyoteremka, bila mshale kusogea.

Fundi alipunguza msukumo wa tabo hadi paundi 5, akazidisha petroli kidogo, kisha akasema kwamba atasafiri nao hadi mahali anapoweza kuziona plagi baada ya kuteremka. Alidai nauli ya kurudi na chakula.

Walisimama Mtito Andei, karibu nusu ya safari, ambako Nairobi imeachwa juu kwa takribani mita elfu moja. Kijana aliiacha injini inguruma taratibu dakika mbili ili oili iipoze tabo, akazima, akafungua boneti na kuchukua spana ya plagi.

"Bado," fundi alimzuia. "Hedi ni ya aluminiamu. Ukizing'oa zikiwa moto utatoka na nyuzi zake."

"Fundi, kuna ubaya?" mama aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Hakuna bado, mama. Tunangoja ipoe ndipo itwambie."

Mama aliteremka akaagiza chai ya watu watatu. Malori yalipita yakishuka na kupanda. Baada ya nusu saa fundi aligusa hedi kwa kiganja, akaridhika, akazing'oa plagi moja moja na kuzipanga juu ya gazeti. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya kahawia hafifu, kavu, bila chembe za kung'aa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu aliipeleka kwenye mwanga, akaigeuza, akavaa miwani na kuitazama tena, kikombe chake kikipoa kando.