Magari ya Zamani, Tangu Arusha Hadi Masoro

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa magari Arusha, na machoni pake Peugeot 404 haikuwa gari la kale wala la fahari. Lilikuwa gari la kazi. Lilibeba mahindi, wagonjwa, maharusi na maiti, na lilipoletwa gereji vumbi jekundu lilikuwa limeingia hadi ndani ya taa. Aliliheshimu kwa mambo mawili: lilivumilia barabara mbovu, na Bert Shankland alishinda nalo mbio za East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Shankland alikuwa Mskoti, lakini aliishi Tanzania, na baba alimhesabu kuwa mtu wa kwetu.

Mbio zile zilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya mwanzo magari yalitakiwa yawe kama yanavyouzwa dukani, kwa hiyo mtu aliyesimama kando ya barabara aliweza kuona gari la jirani yake likishinda. Volkswagen Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Mercedes ikatwaa 1959, 1960 na 1961. Kisha 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant, akashinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika kabla haijafika mikononi mwake. Hadithi hiyo baba aliipenda kuliko zote, na alikuwa na haki. Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na gari ambalo wengine walikwisha kulitumia lilimtii kwa sababu alijua kilichomo ndani yake.

Nilipokuwa kijana mambo yalikuwa yamebadilika. Magari ya Japani yalijaa, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kipuri cha Ulaya kilisubiriwa miezi. Nimeona kwa macho yangu 404 ikikatwa kwa patasi na nyundo, ekseli yake ikafungwa kwenye mkokoteni, bodi ikauzwa kwa kilo. Hakuna aliyeona ni hasara. Lilikuwa gari kuukuu, basi. Na kule Kenya walikuwa bado wanaunganisha pikapu za 404. Walikuja kuacha 1991.

Nairobi ndiko macho yangu yalikofunguka. Tangu 1970 klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo huandaa Concours d'Elegance, na mara ya kwanza nilipofika Ngong Racecourse kuitazama niliduwaa. Majaji walikuwa wanainama na kuchungulia chini ya gari, wanapitisha kidole penye kona za injini, wanatoa alama kwa usafi, kwa ushonaji wa viti, kwa rangi. Kulikuwa na Jaguar na MG, Mercedes za miaka ya 1950, na katikati yao magari yaleyale ya kazi niliyoyajua kwa baba. Yale tuliyoyakata kwa patasi sasa yalikuwa yamezungushiwa kamba, watu wakipiga nayo picha.

Mwaka 2003 ukaanza Safari Classic, mbio za magari ya zamani katika njia zetu zilezile. Nataka nitaje kisa kimoja tu. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alimaliza wa pili akiwa na Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh aliyekuwa na Mitsubishi Lancer. Porsche haikuwahi kushinda Safari ile ya asili. Mwaka 2011, miaka 37 baadaye, Waldegård alirudi na 911, mwanawe Mathias akiwa msoma ramani, akashinda Safari Classic. Nadhani hakuna mbio nyingine duniani ambazo gari la kale hurudi kudai deni lake kwenye udongo uleule.

Nilihamia Kigali kwa kazi 2018, nikapata nyumba Masoro, jirani na eneo maalumu la kiuchumi. Juni mwaka huohuo Volkswagen ilizindua hapo kiwanda chake cha kuunganisha magari, na Polo zikaanza kutoka. Mwaka uliofuata zikaja e-Golf za umeme na vituo vya kuzichajia. Viwanda vilivyokuwa katika bonde oevu la Gikondo, humohumo Kigali, navyo vilikuwa vinahamishiwa huku. Kwa hiyo Masoro niliyoikuta ni mahali pa vitu vipya, na sikutarajia kukuta Beetle.

Niliikuta uani kwa mzee mmoja, chini ya turubai: Beetle ya miaka ya 1960, usukani kushoto kama Rwanda inavyotaka. Jambo hilo la usukani ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, Rwanda upande wa kulia, na tangu 2005 Rwanda imezuia kuingiza magari madogo yenye usukani wa kulia. Mtu wa Kigali hawezi kununua Beetle nzuri ya Nairobi akaja kuiandikisha. Vipuri vya usukani na pedali huvitafuta nchi nyingine zinazoendesha kulia, au huagiza Ulaya.

Tulipoinua kiti cha nyuma tuliona kilichokuwa kimeiua. Betri ya Beetle hukaa hapo, kulia, na tindikali yake huvuja kidogo kidogo hadi kula sakafu. Shimo lilikuwa kubwa kama sahani. Fundi aliyetoka Gatsata, mtaa mwingine wa Kigali, alikata bati lote lililooza hadi akafikia chuma kinacholia kikigongwa, ndipo akachomelea kipande kipya. Hakutaka kuficha kwa puti. Kwenye kabureta alitia jeti ndogo kuliko iliyokuwamo, kwa sababu Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na petroli ikizidi injini hutoa moshi mweusi na kukohoa mlimani. Kijana wake alitaka kupima vali jioni ileile, mara tu baada ya kuwasha.

“Hapana, mwanangu,” fundi akamwambia. “Vali za hii hupimwa injini ikiwa baridi. Acha ilale.”

“Sawa, mzee.”

Kijana yule amesomea umeme wa magari na anaweza kusoma hitilafu za Polo kwenye kompyuta. Kusikiliza vali alikuwa hajafundishwa na mtu.

Desemba 2024 shirikisho la mbio za magari duniani, FIA, lilifanyia hafla yake ya tuzo Kigali, mara ya kwanza Afrika, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. Nilifurahi sana. Lakini mashindano hayajengwi kwa lami peke yake. Nairobi ina Concours kwa sababu ina mafundi waliorithishana kazi tangu enzi za Coronation Safari, na magari yanayoletwa na makontena kutoka Ulaya yakiwa yamekwisha kung'arishwa hayawezi kuziba nafasi yao. Mimi gari lililofufuliwa Gatsata, lenye mshono wa kuchomelea unaoonekana ukilala chini yake, nalipa heshima kubwa zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna Peugeot, Volvo au Beetle ya babu iliyolala nyuma ya nyumba, usiiuze kwa kilo. Tafuta kadi yake na picha zake, uziweke pamoja. Ifunike, toa betri. Halafu mtafute fundi mzee aliyewahi kuifungua, na umpelekee kijana mmoja wa kumshikia taa, wakati mzee yule bado ana nguvu za kuinama.