Kabla ya kufungia gurudumu la nyuma



Katika kikundi chetu tuko na baiskeli mbili za kupeleka muhogo kwenye kinu. Mwaka huu meno ya nyuma ya zote mbili yalichoka. Tunakanyaga, mnyororo unazunguka, lakini gurudumu halisongi. Meno mapya yana bei, na kasha letu linangojewa na karo za watoto. Vijana wetu wakasema: mama, acheni, tutafungia hapa nyumbani.

Namna ya kufanya ni hii. Wanafungua kile kipande cha meno kinacholia tik-tik mguu ukitulia. Mahali pake wanakaza kigurudumu cha meno kisichojiachia. Tangu hapo pedali na gurudumu ni kitu kimoja. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, mguu upende usipende.

Tuliwauliza: haiwezi kufunguka? Ukikanyaga kwenda mbele, meno yanazidi kujikaza. Ukikaza miguu ili kupunguza mbio, yanavutwa kufunguka. Baiskeli za mashindano ya uwanjani zina nati ya kuzuia, inayokazwa kwa upande wa kinyume. Gurudumu letu la zamani halina mahali pa nati hiyo. Vijana waliweka nati pana iliyotoka kwenye ekseli ya pedali ya baiskeli iliyokufa. Inasaidia, lakini si kufuli. Kwa hiyo freni hazitolewi, hata kama vijana wanapenda baiskeli iliyo tupu.

Tena kuna kikwembe. Kwa baiskeli ya kawaida, nguo ikishikwa na mnyororo, unatuliza miguu na mnyororo unasimama. Kwa hii iliyofungiwa, mnyororo unaendelea kuvuta nguo mpaka gurudumu lisimame. Sasa fikirieni mteremko, gunia la muhogo nyuma, na mtoto mgongoni.

Basi tuliongea, tukakubaliana. Baiskeli moja ilifungiwa. Wanaiendesha vijana wakubwa, kwenye njia ya tambarare tu. Ile ya pili, inayopandwa na wamama, ilinunuliwa meno mapya kwa feza ya kasha. Wengine walinung'unika kidogo. Lakini mguu wa mama ukivunjika, feza ya kuutibu inapita mbali bei ya meno.

Kama nyumbani kwenu kijana anafanya kazi hii, msimkataze. Ni ufundi mzuri. Muangalie mambo manne kabla hajatoka:

Freni ya mbele na ya nyuma zinashika.

Mnyororo umenyooka, haukulegea. Ukitoka kwenye meno unaweza kufunga gurudumu ghafula.

Nati zimekazwa, na zinakazwa tena kisha safari ya kwanza.

Hakuna mtoto mdogo anayeipanda, wala kuingiza vidole kwenye mnyororo ikiwa imegeuzwa juu chini.

Kijana akisema iko tayari, mwambieni aisukume kwanza, ashike freni mbele yenu.