Mchezo wa Wachache, Uwanja wa Wote

Atokaye Uvira kwa njia ya Bukavu huliacha ziwa Tanganyika nyuma yake na kuingia katika tambarare ya Ruzizi. Upande wa kuume, ng'ambo ya mto, ni nchi ya Burundi. Upande wa kushoto yasimama milima. Baada ya Kiliba, penye kiwanda cha sukari, tulifika Runingu, katika nchi ya Wafuliiru.

Ilikuwa jioni. Watoto walikuwa wakicheza kwa mpira wa matambara, lakini si kwa miguu. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Kenya alishika ubao aliouchonga, akawafundisha wenzake kuupiga. Mzee mmoja akatuuliza: "Huu ni mchezo gani? Mbona zamani za wazungu hatukuuona?"

Tukamweleza kwamba ndio kriketi, mchezo wa Waingereza, na watawala wa huku walikuwa Wabelgiji, wasiokuwa na desturi hiyo. Kenya waliuleta: mwaka 1896 ulichezwa Mombasa, na mwaka 1910 maofisa wa serikali walishindana na masetla huko Nairobi. Mwaka 1933 Wazungu walianza kupambana na Waasia, kila taifa na timu yake. Mwafrika hakuwa na timu katika mashindano hayo. Lakini baadaye vijana Waafrika waliingia katika vilabu, hasa vile vya Wahindi, wakajifunza. Tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune nchini India, Kenya chini ya Maurice Odumbe iliwashinda West Indies, mabingwa wa zamani wa dunia, kwa mikimbio 73. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

"Kumbe masetla walikosa wachezaji hodari miaka yote hiyo!" akasema mzee.

Kweli, wala sisi tusijisifu. Kongo nako mpira wa miguu ulikuwa na ligi ya wazungu mbali na ligi ya weusi. Hata hivyo mapadre waliwapa vijana mpira mapema. Timu iliyoundwa na Wabenediktini huko Élisabethville mwaka 1939, leo TP Mazembe, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968.

Tulipokuwa tukisema hayo, wasichana wawili walisimama pembeni na madumu ya maji, wakitazama. Hakuna aliyewaita. Tukamwuliza mzee: "Na hawa, mzee wetu?" Akanyamaza kitambo. Kisha akamwambia yule kijana: "Wape ubao." Wa kwanza alikosa mara mbili, mara ya tatu mpira ukaruka hadi barabarani, na wote wakaukimbilia.

Wasomaji wapenzi, twawalaumu kwa haki waliotufungia uwanja. Basi na tutazame nyumbani mwetu, shuleni na parokiani: ni nani bado amesimama pembeni, na dumu lake mkononi, akingoja kuitwa?