Video ya Dogo Imetrendi, Sasa Nani Yuko Inboksi?

Wazaramo wana ngoma yao ya mdundiko, na kila aliyekulia uswahilini Dar anajua kazi yake ya pili: kupoteza watoto. Ngoma inapita barabarani, kuna harusi au mwali anatolewa, watoto wanaunga nyuma pekupeku wanacheza. Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tano. Ngoma ikizima ndo mtoto anashtuka hajui yuko wapi. Kilichowarudisha wengi nyumbani hakikuwa tangazo la redioni. Ni mtu mzima yeyote tu, muuza mkaa, fundi baiskeli, aliyesimama na kuuliza: "We mtoto wa nani?"

Siku hizi kuna mdundiko usiopita barabarani. Unamchukua mtoto akiwa kwenye mkeka ndani kwao, mama yake yuko hatua tatu pembeni, na huko anakopelekwa hakuna wa kuuliza ni wa nani. Mtaa mmoja wa Temeke ulishtukia hilo baada ya jambo zuri kabisa: siku ya sanaa ya mtaa.

Na ukweli usemwe, siku ile ilikuwa kali. Vijana walichangishana wenyewe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatoa kiwanja cha ofisi, mzee wa maturubai na viti akapunguza bei. Asubuhi ilikuwa zamu ya watoto kuchora. Fundi mmoja wa tingatinga alikuja na vipande vya hadibodi na makopo ya rangi, akawaonyesha jinsi ya kuchora tembo na ndege kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Said Tingatinga hapahapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960. Mchana yakasomwa mashairi. Jioni spika zikafunguliwa, singeli ikaingia, na kiwanja kikachafuka.

Aliyekichafua ni binti wa miaka 11, yuko darasa la tano, amevaa sweta la shule juu ya gauni la nyumbani. Singeli ni muziki wa spidi, hata vijana wakubwa huwa wanaomba poo katikati. Yeye miguu yake haikukosea hata pigo moja. Wazee waliinuka kwenye viti kumtuza. Kina mama wakapiga vigelegele.

Mshkaji wa video wa mtaa alikuwa pale, simu iko kwenye stendi. Ndiye huyohuyo anayerekodi kitchen party za watu na matangazo ya saluni, riziki yake iko humo. Usiku akaipandisha TikTok. Akaandika jina la binti, akaandika na jina la mtaa. Jina la shule hakuliandika, lakini lilisomeka vizuri kwenye sweta. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitaka mtoto aonekane.

Na akaonekana kweli. Kufikia Jumatatu maelfu ya watu walikuwa wameshaitazama. Shuleni wenzake walimzunguka mapumziko. Mama yake, anayeuza vitumbua barabarani, alipewa habari na wateja wake. Mama gani asingefurahi? Jioni ileile akamfungulia binti akaunti yake ya kucheza, kwenye simu yake mwenyewe, kwa tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa.

Hapa soma taratibu. TikTok na Instagram kwa kawaida zinataka mwenye akaunti awe ametimiza miaka 13. TikTok inakwenda mbele zaidi: akaunti ya aliye chini ya miaka 16 huanza ikiwa ya faragha, na haipokei meseji za inboksi. Ni kinga nzuri, ila inafuata umri ulioandikwa, haimwoni aliyeshika simu. Na uswahilini simu ni ya nyumba nzima. Asubuhi inapokea malipo ya wateja, mchana inapiga hesabu za kikoba, usiku ni ya mtoto na katuni zake. Kwa hiyo mbele ya TikTok yule binti hakuwa na miaka 11. Alikuwa mwanamke wa miaka 34 muuza vitumbua, na mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote.

Aliyeingia alijitambulisha kuwa ni meneja wa wasanii. Picha yake ilikuwa maiki na spika za studio. Meseji ya kwanza ilisifia uchezaji. Ya pili ikauliza anasoma darasa la ngapi. Siku iliyofuata akaomba namba, akarusha vocha ya elfu moja, "ya bando, staa wangu." Hakuwa na haraka. Hakuna neno lolote chafu katika siku nne za mwanzo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: mtoto azoee, aone huyu ni mtu wake.

Siku ya tano akaleta ombi. Eti anatafuta watoto wa kucheza kwenye video ya msanii mkubwa, kwa hiyo binti atume klipu nyingine, safari hii akiwa chumbani peke yake, mlango umefungwa. Akamalizia: "Usimwambie mama kwanza, tutamfanyia sapraizi."

Mama alikuwa amelala muda huo. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi vitumbua anazima mapema. Simu ilikuwa mkekani, mikononi mwa mtoto.

Kilichomwokoa binti ni kitu kidogo sana: hakuwa na stendi. Kesho yake alipotoka shule akaenda kwa bibi wa genge, yule anayeuza mafungu ya nyanya na dagaa pale kona, akamwomba, "Bibi, njoo unishikie simu, meneja wangu anataka video."

Bibi wa genge anatumia simu ya kitochi. TikTok haijui, inboksi haijui. Lakini maisha yake yote ameishi mtaani, akauliza swali la mtaani: "Huyo meneja mtoto wa nani?"

Binti hakujua.

"Kwao wapi? Mama yako anamfahamu?"

"Amesema nisimwambie mama."

Bibi aliziacha nyanya zake mezani bila mtu wa kuzilinda, akamshika binti mkono, wakaenda.

Mama aliposoma zile meseji alianza kutetemeka, halafu mkono ukaenda kwenye kandambili. Hasira ya mzazi aliyeogopa huwa inatafuta mtu wa karibu, na wa karibu alikuwa mtoto. Bibi akasimama katikati. "Mwanangu, ukimpiga leo, kesho hatokuja kusema. Atakwenda kwa huyohuyo." Mama akakaa kizingitini, akalia yeye.

Kitu cha pili alichotaka kufanya ni kufuta kila kitu, aibu isionekane. Hapo akazuiwa na dada wa jirani anayefanya kazi duka la simu. Usifute. Piga picha za skrini, andika jina la akaunti, tunza namba iliyorusha vocha, halafu ndo umzuie asikufikie tena. Wakapiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure. Kesho yake wakaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kisheria hawakuwa wanabahatisha: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza ponografia ya watoto mtandaoni. Ile akaunti ya "meneja" ikapotea baada ya siku mbili. Mtu mwenyewe hajapatikana.

Mshkaji wa video alipoambiwa aishushe ile klipu alibisha. "Mnaua kipaji cha mtoto. Mimi nimemtoa, nyie mnamfungia ndani." Na si kwamba alikuwa anaropoka. Watoto wengi wenye vipaji uswahilini hawaonwi na mtu yeyote mpaka wanazeeka navyo. Usiku akaishusha. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wameshaidaka. Ilikuwa imewekewa nyimbo nyingine, imepandishwa kwenye kurasa za watu wasiojulikana, na kwenye ukurasa mmoja makomenti yalikuwa yanamcheka jinsi alivyo pekupeku. Binti aliyasoma yote. Wiki kadhaa, singeli ikisikika kokote, alikuwa anaingia ndani.

Barazani mtaa uligawanyika. Wapo waliosema siku ya sanaa isirudi tena. Wapo waliomsema mama: unampaje mtoto simu? Kina mama wakajibu, na hizo kazi za shule zinazotumwa kwenye grupu la WhatsApp asomee wapi? Mzee mmoja akailaumu singeli, akaulizwa kama kwenye ujana wake mdundiko ulipigwa marufuku kwa sababu watoto walipotea. Akacheka. Hapo mazungumzo ndo yakakaa sawa. Ngoma haina kosa. Kinachotakiwa ni watu wazima njiani.

Siku ya sanaa ilirudi baada ya miezi. Safari hii getini kulikuwa na kipande cha hadibodi, ndege wa tingatinga pembeni, na masharti yameandikwa kwa rangi nyeusi. Mtoto harekodiwi mpaka mzazi aulizwe, na mtoto mwenyewe aulizwe. Jina la mtoto, shule na mtaa havitajwi. Masweta ya shule yabaki nyumbani. Hakuna kwenda laivu. Video ipandishwe siku nyingine, komenti zikiwa zimefungwa. Watu wazima watatu wamefunga kitambaa chekundu mkononi, mtoto akisumbuliwa na yeyote, uwanjani au kwenye simu, aende kwao.

Majumbani nako mambo yamebadilika kidogokidogo. Kwa yule mama simu inachajiwa usiku upande wa kitanda chake. Akaunti ya binti imefutwa, akifika umri itafunguliwa kwa miaka yake halisi na kuunganishwa na ya mama, kipengele hicho TikTok kipo. Na kuna makubaliano ambayo hayako kwenye programu yoyote: mtoto akija kusema, hapigwi. Hata kama alikosea. Hata kama alipokea vocha.

Mshkaji wa video amekubali kwa shingo upande. Siku hiyo alirekodi mikono yenye rangi, miguu inayocheza, migongo ya watoto wakishangilia. Video ikatoka nzuri, na haikufika hata karibu na ile ya kwanza. Bado analalamika. Bado anarekodi hivyohivyo.

Binti alikaa jirani na bibi wa genge mpaka jua linazama. Ilipofika ngoma ya mwisho akainuka mwenyewe, bila kuitwa, akaenda katikati. Mshkaji wa video aliinamisha simu yake kabla mtu hajamwambia. Dogo akacheza, wazee wakatuza, na hiyo walioiona ni waliokuwepo tu.

Sasa mdau, swali kwako. Mtoto wa nyumbani kwenu akipata meseji ya "usimwambie mama," mtu wa kwanza atakayemkimbilia ni nani? Na huyo mtu, akisikia, atashika kandambili au atamshika mkono? Funguka hapo chini. Ila majina ya watoto yaache nyumbani.