Rumonge: Mji wa Mawese na Sauti za Majirani

Atokaye Bujumbura kuelekea kusini huwa na ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, na barabara haimwachi aone kingine mpaka afike Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75. Mahali pengine milima imesogea karibu mno na maji hata ukabaki ukanda mwembamba tu wa kupitisha motokaa, nyumba chache na mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Huko Mugere, muda mfupi baada ya kuuacha mji mkuu wa biashara, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani kwamba hapo ndipo wasafiri wale wawili walipokutana. Sivyo hata kidogo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, na hapo Mugere walipumzika siku mbili tu wakiwa katika safari ya kuchunguza ncha ya kaskazini ya ziwa. Baada ya jiwe hilo hufuata Kabezi, Gitaza, Magara na Minago, kisha milima hurudi nyuma kidogo, na michikichi huanza kujitokeza mmoja mmoja, halafu kumikumi, halafu msitu mzima.

Hapo ndipo Rumonge. Harufu ya kwanza impokeayo mgeni ni ya mawese yanayochemka, na ya pili ni ya dagaa waliokaushwa. Mashada ya ngazi hushushwa kutoka katika vilima, hupikwa, husagwa na kukamuliwa katika vinu vidogo vilivyotapakaa pembezoni mwa mji, na mafuta mekundu huchotwa kwa madebe na kupelekwa Bujumbura na kwingineko. Mama wa nyumba wa huku akisema anapika ndagala, yaani dagaa, hana haja ya kueleza kwamba ni kwa mawese: kitunguu, nyanya, pilipili kidogo, na pembeni ugali wa muhogo na lengalenga. Mukeke, samaki yule ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, huchomwa juu ya makaa akiwa mzima.

Msafiri kutoka Tanzania, Kenya au Kongo atastaajabu jinsi asivyohitaji mkalimani. Kirundi ndicho kinachoiunganisha Burundi nzima, lakini katika soko la Rumonge, katika mialo ya samaki na katika vituo vya magari, Kiswahili husikika tangu alfajiri. Kililetwa na wafanyabiashara na mabaharia wa ziwa, hasa waliotoka Ujiji katika karne ya 19, kikapata nguvu kwa uvuvi na biashara ya kuvuka maji kwenda Kongo. Halafu kiliongezewa watu kwa njia ya machungu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Katika nyumba nyingi za ukanda huu chombo kinachoheshimiwa ni redio. Televisheni ya taifa ya Burundi ilianza mwaka 1984, nayo imeenea zaidi mijini kwenye umeme. Vijijini ni redio ya betri, na siku hizi simu ya mkononi yenye redio ndani yake. Rumonge yenyewe ina kituo chake, Izere FM, ambacho jina lake katika Kirundi humwambia msikilizaji awe na matumaini. Mzizi wa neno hilo ndio uliomo katika jina la Redio Kwizera ya Ngara, Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi. Yaelekea watu wa pande hizi wakianzisha redio hulitafuta neno la matumaini kabla ya kutafuta mnara.

Jambo la mwananchi wa kawaida kushika kipaza sauti na kusema na majirani zake si la Afrika peke yake. Marekani, nchi ya makampuni makubwa ya televisheni, ilikwisha kulijaribu kwa namna yake. Mwaka 1968, huko Dale City katika jimbo la Virginia, wakazi walipewa njia yao ya televisheni ya waya. Mwaka 1971 njia za namna hiyo zilifunguliwa New York, na mwaka 1972 tume ya serikali ya mawasiliano iliagiza makampuni ya televisheni ya waya katika masoko 100 makubwa ya nchi hiyo yatenge nafasi kwa ajili ya wananchi. Mtu aliyehangaika sana kulisimamisha jambo hilo ni mtengeneza filamu George Stoney, ambaye alikuwa ameona huko Kanada jinsi wanakijiji walivyotumia filamu kujieleza mbele ya serikali yao. Utaratibu wake ulikuwa mwepisi: anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kupewa, na mwenye kampuni hana ruhusa ya kukatakata maneno yake. Fundi bomba, mama wa nyumba, mwalimu mstaafu, mchungaji na kijana mpiga gitaa, wote walifundishwa kushika kamera, wakawa watangazaji wa mtaa. Watu wengine waliwacheka, maana baadhi ya vipindi vilikuwa vya ajabu kweli, na taa zilianguka katikati ya mazungumzo. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililitangua agizo lile mwaka 1979; sheria ya mwaka 1984 ikaziachia serikali za miji ziamue zenyewe kuzidai njia hizo. Mpango huo uliwafaa hata wageni: Wasomali waliohamia Minneapolis waliutumia kuwa na vipindi vya lugha yao.

Huko Marekani mwenye kipindi kibaya hukosa watazamaji, basi. Katika Burundi na Rwanda watu walijifunza kwamba kipaza sauti chaweza kuua. Mwaka 1994, redio ya RTLM ilipokuwa ikichochea mauaji nchini Rwanda, Burundi nayo ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na redio ya chuki iliyoitwa Rutomorangingo ikasikika ikitangaza dhidi ya sehemu moja ya wananchi. Kwa hiyo Studio Ijambo ilipoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 kwa msaada wa shirika la Search for Common Ground, haikuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Neno ijambo lenyewe humaanisha neno, au usemi. Studio hiyo haikuwa na mnara. Ilitengeneza vipindi na kuvigawa kwa redio zilizokuwapo, nayo iliwaweka Wahutu na Watutsi kufanya kazi pamoja, wakati ambapo mitaa ya Bujumbura yenyewe ilikuwa imegawanyika.

Kipindi chake kilichopendwa kuliko vyote kilianza mwaka 1997. Kilikuwa mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Bibi Marie-Louise Sibazuri, na jina lake, Umubanyi Niwe Muryango, lasema kwamba jirani ndiye jamaa. Humo zilikuwamo familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, na ugomvi wao, arusi zao, maradhi na mikopo yao. Mamia ya sehemu zake yalitangazwa kwa miaka mingi. Kipindi kingine, Inkingi y'Ubuntu, yaani nguzo ya utu, kiliacha waigizaji na kuwaita watu wenyewe. Walisimulia jinsi mtu wa kabila lingine alivyowaficha, alivyowavusha usiku, au alivyosimama mlangoni akakataa kuwatoa. Askari asomaye haya atafahamu vema uzito wake: si jambo dogo kulitaja hadharani jina la aliyekuokoa, wakati jamaa zake bado waweza kumhesabu kuwa msaliti.

Baadaye zilikuja redio za watu binafsi. Redio Publique Africaine, RPA, ilianzishwa mwaka 2001 na mwandishi Alexis Sinduhije, ambaye aliajiri hata watu waliowahi kubeba silaha katika pande zilizopigana. Isanganiro ilifuata mwaka 2002. Bonesha ilikuwapo tangu mwaka 1996, hapo kwanza kwa jina la Umwizero. Zote hizo zilifika siku moja mbaya. Tarehe 13 Mei 2015 lilifanyika jaribio la mapinduzi ambalo lilishindwa, na katika saa zile za mapigano RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema zilishambuliwa na kunyamazishwa. Baadhi zilichomwa moto. Waandishi wengi waliikimbia nchi. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani mwezi Februari 2016, na Bonesha mwaka 2021. Katika miezi ya ukimya, watu wa ukingo walisikiliza walichoweza kukipata: redio ya taifa, Kwizera kutoka ng'ambo ya mpaka, na habari zilizopitishwa katika simu.

Lakini msafiri aliyeko Rumonge hataulizwa sana juu ya Bujumbura. Ataulizwa juu ya ardhi. Mwishoni mwa mwezi Aprili 1972 uasi ulizuka katika ukanda huu wa kusini, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Kisha yakafuata mauaji makubwa zaidi yaliyofanywa na dola dhidi ya Wahutu nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30. Mashamba waliyoyaacha, pamoja na michikichi yake, yalipewa wengine, na mara nyingi ni serikali yenyewe iliyoyagawa. Kuanzia mwaka 2008, Tanzania ilipotoa nafasi ya kuchagua, watu zaidi ya 50,000 wa makazi hayo ya zamani walirudi Burundi, na wapatao 162,000 waliobaki walipewa uraia wa Tanzania.

Waliorudi walikuja na watoto waliozaliwa Tabora na Rukwa, wenye Kiswahili safi na Kirundi cha kusitasita. Shuleni walichekwa. Shambani walimkuta mtu mwingine aliyezaa na kuzeeka hapo, mwenye hati mkononi, ambaye naye hakumwibia mtu. Nani mwenye haki? Tume ya taifa ya ardhi na mali, iliyoundwa mwaka 2006 kwa kufuata Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, ililetewa maelfu ya mashauri, na Rumonge ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoisumbua zaidi. Jamaa wengine walikubali kugawana shamba nusu kwa nusu. Wengine hawakukubali, na waliokosa pa kwenda walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara.

Katika shauri la namna hii kipindi cha redio hakitoi hukumu, wala hakina mamlaka ya kupima mipaka. Kinachofanyika ni kwamba mwenye hati humsikia aliyerudi akieleza mti upi ulipandwa na babu yake, naye aliyerudi humsikia mwenzake akieleza miaka 30 ya jasho lake, na majirani wote wanasikiliza, hata yule ambaye asingethubutu kuhudhuria baraza. Aliyerudi akisema kwa Kiswahili, hapa pwani ya ziwa hueleweka. Si ajabu basi kwamba mtangazaji wa huku hupimwa kwa jambo moja kuliko sauti yake nzuri: kama anampa kila upande muda ule ule.

Mambo ya nyumbani nayo yana nafasi yake. Tangu zamani dagaa walianikwa juu ya mchanga, wakakanyagwa, wakaliwa na kuku, na mvua ikinyesha wakaoza. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha katika mwalo wa Mvugo, upande wa Nyanza-Lac, vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka chini. Dagaa waliochukua hata saa 36 kukauka juu ya mchanga wakakauka kwa saa nane, bila mchanga menoni. Namna ya kuvijenga vichanja hivyo ilienezwa kwa vikaratasi na kwa matangazo ya redio. Wanawake ndio waliofaidika kwanza, kwa kuwa biashara ya dagaa wakavu imo mikononi mwao, na dagaa safi hupanda malori mpaka milimani, ambako nyama ni adimu.

Ziwa lenyewe limekuwa habari ya kila siku. Tangu mwaka 2018 maji yalianza kupanda, na mwaka 2024 yalikaribia kiwango cha mwaka 1964 kinachokumbukwa na wazee. Katika Rumonge nyumba za mtaa wa Kanyenkoko ulioko ukingoni ziliingiliwa na maji, na wakazi wakalazimika kuhama. Hali kadhalika nchi nne zenye ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mvuvi anayetegemea usiku wa giza na taa zake hupenda kujua tarehe mapema. Mke wake hupenda kujua jambo jingine: mwalo ukiwa umefungwa na kichanja kikiwa kitupu, watoto watakula nini pamoja na ugali katika majuma hayo 13? Swali hilo si la mtaalamu. Ni la mama mwenye simu ya redio kando ya sufuria, na kipindi kikifunguliwa kwa wasikilizaji, yeye hupiga.