Slaidi Arobaini na Mbili

Semina yangu ya kwanza ya uzamili niliitoa mwaka 2011. Nilipewa dakika 15, nami nikaenda na slaidi 42. Niliwapa wasikilizaji mgongo, nikawa nasoma ukutani neno kwa neno. Herufi zilikuwa ndogo mno, hata waliokaa nyuma wakakata tamaa mapema na kuanza kuchezea simu. Mwenyekiti alipogonga meza kuashiria kwamba muda umekwisha, nilikuwa slaidi ya 17, bado nimekwama kwenye mapitio ya maandiko.

Mhadhiri mmoja mzee, aliyekunja mikono tangu mwanzo, aliuliza swali moja tu: "Binti, umegundua nini?"

Nikazisogeza slaidi mbele, nikazirudisha nyuma, natafuta jibu la utafiti wangu mwenyewe. Nilikuwa nikichunguza sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye mahindi yaliyokauka vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya. Jambo zito kama hilo nililifukia slaidi ya 30, ambayo siku ile hakuna aliyeiona.

Walimu wetu hawakuharibikiwa hivyo. Wao walifundisha kwa chaki, au kwa karatasi angavu walizoziandika kwa mkono na kuzinunua kwa fedha zao, kwa hiyo kila karatasi waliifikiria mara mbili. Sisi tulikuta slaidi hazina bei, tukamwaga kila tulichosoma. Kozi za takwimu tulisoma, kozi ya kusimama mbele ya watu hatukuwa nayo. Ilidhaniwa kwamba mwenye kujua atajua pia kusema.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye kijiji kimoja mkoani Dodoma, nilikochukua sampuli, kupeleka matokeo. Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi lisilo na umeme, kwa hiyo projekta ilibaki kwenye begi. Nikaanza kama nilivyozoea: sampuli kadhaa zimevuka kikomo cha maikrogramu 10 kwa kilo. Watu wakanitazama kwa adabu. Mama mmoja aliyekaa dawati la mbele akasema, "Mwanangu, hiyo maikro ni debe ngapi?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka, lakini jasho lilinitoka. Nikachukua chaki. Punje moja ya mahindi ina uzito wa karibu gramu 0.3. Nikapiga hesabu ubaoni, wao wakinifuata, hadi tukafika: kama sumu hiyo ingekuwa punje za mahindi, basi kikomo ni punje 10 ndani ya magunia 3,000 ya kilo mia mia. Zikizidi hapo, mzigo wote haufai.

"Magunia elfu tatu!" mzee mmoja akarudia taratibu. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Nikichambua punje zilizovunda? Nikasema kuchambua kunapunguza, hakumalizi. Nikipika ugali ukaiva sana? Nikasema moto wa jikoni hauiui sumu hii. Nikianika kwenye turubai badala ya chini? Nikasema hapo ndipo pa kuanzia, pamoja na kuyakausha vizuri kabla ya kuyatia ghalani. Yule mama akatikisa kichwa: "Sasa hayo si ndiyo ungetuanzia?"

Swali lake na la mhadhiri wangu lilikuwa moja. Chuoni niliulizwa kwa Kiingereza, lugha ambayo ningeweza kujificha nyuma ya istilahi. Kijijini hapakuwa na pa kujificha. Niliporudi, niliandika matokeo yangu upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, jibu likiwa mstari wa kwanza. Kisha nikayarudisha kwenye Kiingereza cha watahini. Siku ya kutetea tasnifu nilikuwa na slaidi 11, na ya kwanza ilikuwa na picha ya punje moja.

Mwaka 2016 watu walipopoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, niliombwa kuzungumza redioni. Sikuwa na slaidi hata moja. Nilikwenda na yale magunia 3,000.

Siku hizi wanafunzi wana shindano la Tasnifu ya Dakika Tatu, lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Jimbo la Queensland lilikuwa na ukame wakati huo, watu wakitumia kipima muda cha dakika tatu ili wasimalize maji wakioga, na wazo la shindano likatoka hapo. Slaidi ni moja, haina mwendo, na muda ukipita umetolewa. Nalipenda shindano hilo, ingawa lina mtego wake. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alizungumza vizuri mno, akamaliza kwa kusema amepata dawa ya tatizo. Alikuwa amepima kaya 60 za kata moja, msimu mmoja. Nilimwambia ufasaha ukishatangulia ushahidi, aliyedanganywa vizuri zaidi ni msemaji mwenyewe.

Kwa hiyo anayekuja ofisini kwangu kujiandaa huacha kompyuta kwenye mkoba. Kwanza ananieleza kwa Kiswahili amegundua nini, kisha ni kipi bado hakijui. Tukimaliza ndipo tunafungua slaidi kuona zipi bado zina kazi. Mara nyingi hazifiki 10.